Kazi ya Mlangoni: Kusomea Usimamizi wa Michezo na Matukio Nyanda za Juu Kusini



Mwaka 1986 Tukuyu Stars ilipanda daraja na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara msimu huohuo. Kombe likapandishwa milima ya Rungwe, Simba na Yanga wakibaki mikono mitupu. Mwaka 1999 Tanzania Prisons wakaleta ubingwa wa Muungano Mbeya mjini. Msimu wa 2013/14 Mbeya City, timu ya halmashauri iliyoanzishwa mwaka 2011, ilicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na kumaliza nafasi ya tatu chini ya kocha Juma Mwambusi. Mwaka 2019 Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Na Novemba 2022, pale Ubaruku wilayani Mbarali, Ihefu iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza.

Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu vipaji. Vipaji tunavyo, na tumekuwa navyo kwa miaka 40. Lakini tazameni timu hizo ziko wapi. Tukuyu Stars imebaki kuwa simulizi ya wazee. Lipuli haipo Ligi Kuu. Mbeya City ilishuka daraja mwaka 2023, ikahangaika misimu miwili hadi kurudi. Ihefu ilihamishiwa Singida mapema mwaka 2024, na msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Mashabiki wa Mbarali walioamka alfajiri kwenda kuishangilia waliachiwa uwanja tu. Sisemi aliyeinunua alikosea, maana klabu ni mali na mali huuzwa. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu wa huku aliyekuwa amejiandaa kukaa upande wa pili wa meza akiwa na hesabu, mkataba na mpango wa kuifanya ibaki.

Hoja yangu leo ni hii: upungufu wa Nyanda za Juu Kusini uko ofisini na mlangoni. Kijana anayetaka kusomea usimamizi wa michezo na matukio asivutwe na ndoto ya kupiga picha na mastaa. Akubali kwenda kujifunza kazi hizo mbili, ya ofisini na ya mlangoni.

Niseme kwanza fani yenyewe ni nini, kwa sababu wazazi wengi wananiuliza kama mtoto anakwenda kusomea mpira. Hapana. Mafunzo ya uzamili yanayojulikana zaidi duniani katika eneo hili ni yale ya FIFA Master yaliyoanza mwaka 2000, na mgawanyo wake unaeleza vizuri. Mwanafunzi anasoma historia na maadili ya michezo mjini Leicester, uongozi na biashara mjini Milan, kisha sheria mjini Neuchâtel. Hakuna mahali anapofundishwa kupiga penalti. Anasoma mikataba, uhasibu, masoko, haki za matangazo, usalama wa umati na namna ya kuendesha uwanja. Ukiondoa neno michezo, unabaki na mtu anayeweza kusimamia kongamano, tamasha la muziki, maonesho ya kilimo, mkutano wa injili au maziko ya kiongozi. Ndiyo maana vyuo vingi huyaunganisha mambo hayo mawili.

Tuanze na ofisini. Chukua tiketi ya shilingi 5,000. Shabiki anadhani timu yake imepata 5,000. Ndani ya bei hiyo mna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani takriban shilingi 763, kwa hiyo inabaki 4,237. Hapo bado hajalipwa mwenye uwanja, na kumbuka Uwanja wa Sokoine si mali ya timu yoyote, ni wa Chama Cha Mapinduzi. Bado mgawo wa shirikisho la soka, TFF, na wa chama cha soka cha mkoa, uchapaji wa tiketi, ulinzi, gari la wagonjwa na wafagiaji. Kinachofika kwenye akaunti ya klabu ni kidogo, na timu inasafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar es Salaam kisha inarudi. Kiongozi asiyejua kuandika hesabu hii kabla ya msimu kuanza atamaliza mzunguko wa kwanza akiwa na deni la hoteli na wachezaji wanaodai mishahara.

Fedha nyingine zipo, lakini zinahitaji mtu wa kuzishika. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kanuni za leseni za klabu nazo zinadai klabu iwe na mtendaji mkuu, mhasibu, ofisa habari, ofisa usalama na timu za vijana. Hizo ni ajira zilizoandikwa kwenye kanuni. Katika klabu nyingi za mikoani nafasi hizo hujazwa majina siku ya ukaguzi, na baada ya hapo mtu mmoja huzifanya zote akiwa na simu moja mkononi. Hapo ndipo mhitimu anatakiwa aingie. Aingie na kazi iliyo tayari, siyo bahasha ya vyeti peke yake.

Sasa twende mlangoni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mlangoni watu hufa.

Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikanyagana hadi kufa Moshi, kwenye mkutano wa dini uliofanyika uwanjani. Machi 2021 watu 45 walifariki katika msongamano wa kumuaga Rais Magufuli kwenye Uwanja wa Uhuru. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ikicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, mtu mmoja alipoteza maisha na wengine 30 wakajeruhiwa. Kila mara tunalia, tunachangia rambirambi, tunaunda kamati, na wiki mbili baadaye tunaandaa shughuli nyingine vilevile.

Waingereza walipitia hayo. Januari 1971 mashabiki 66 walikufa kwenye ngazi za uwanja wa Ibrox, Glasgow. Mwaka 1973 kikatoka kitabu cha mwongozo wa usalama wa viwanja ambacho kimekuwa kikirekebishwa mpaka leo. Ndani yake mna namba ambazo kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kuzijua kwa kichwa. Mlango mmoja wa kuzungusha haupaswi kuhesabiwa kuingiza watu zaidi ya 660 kwa saa. Eneo la kusimama halipaswi kubeba zaidi ya watu 47 katika kila mita 10 za mraba.

Tuzitumie. Unatarajia watu 12,000 na una milango sita. Sita mara 660 ni watu 3,960 kwa saa. Ukifungua saa nane mchana kwa mchezo wa saa kumi, hadi filimbi ya kwanza watakuwa wameingia 7,920, na hiyo ni kama kila mlango unakwenda kwa kasi ya juu kabisa. Nje wamebaki zaidi ya 4,000 wenye tiketi mfukoni, wanaosikia kelele za ndani na kuanza kusukuma. Hapo mwenye makosa ni nani? Wengi watasema mashabiki hawana ustaarabu. Mimi nasema ni hesabu ambayo haikupigwa Jumatatu. Jibu lake halihitaji virungu: fungua milango saa saba, ongeza milango miwili, wazuie wasio na tiketi mbali na uwanja kabla hawajafika ukutani, na mweke mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuchelewesha mchezo kwa dakika 15. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kumpata, kwa sababu anapaswa kumwambia mgeni rasmi asubiri.

Mnajua vilevile kilichotokea Nairobi Agosti 2025 wakati wa michuano ya soka ya CHAN. Shirikisho la soka Afrika, CAF, liliipiga Kenya faini na kupunguza idadi ya watazamaji kwenye uwanja wa Kasarani, baada ya watu wasio na tiketi kuvamia. Nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, ndizo zilizokabidhiwa AFCON ya 2027. Viwanja vinajengwa kwa saruji na nondo, lakini atakayesimama kwenye kila lango lazima naye aandaliwe, na kumwandaa huchukua muda.

Nani atamwandaa? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya michezo na sayansi ya michezo. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kinafundisha ukocha na uongozi wa michezo. Mwaka 2024 Serikali ilipotangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, michezo ilipewa kundi lake, kwa hiyo wanafunzi watakaobisha hodi vyuoni wanakuja. Huku kwetu tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ndaki ya Mzumbe, Chuo Kikuu Katoliki cha Mbeya na Teofilo Kisanji. Iringa tuna Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha. Sheria, uhasibu, biashara na ualimu vinafundishwa katika vyuo hivyo. Sehemu kubwa ya malighafi ya kozi hii ipo, ila imetawanyika.

Na maabara ipo hapa Uyole, Mbeya. Kila Agosti, kuanzia tarehe 1 hadi 8, viwanja vya John Mwakangale vinapokea Nane Nane ya kanda. Mwaka 2022 na 2023 vilibeba maonesho ya kitaifa. Fikirieni yanayotakiwa: mabanda ya kugawa, umeme, maji, vyoo, mifugo inayopaswa kukaa mbali na mama lishe, vumbi la kiangazi, watoto waliopotea, bajaji na bodaboda zinazoshusha abiria pembeni ya barabara kuu ambayo malori ya Zambia na Malawi hayaachi kupita. Ni shughuli ngumu kuliko mechi, kwa sababu mechi ni saa mbili na hii ni siku nane. Je, ni wanafunzi wangapi wa vyuo vyetu wanaokaa pale kuhesabu watu wanaoingia kwa saa, kuchora ramani ya njia za dharura, na kuandika ripoti baada ya tarehe 8? Wanaokwenda wengi wanakwenda kutembea.

Kwa hiyo vijana mliomaliza kidato cha sita, mnapochagua chuo, msiishie kwenye jina la shahada. Ulizeni maswali matatu ya kukera kidogo: mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi na yanafanyika wapi, nani kati ya walimu amewahi kusimamia tukio la watu zaidi ya 1,000, na mwanafunzi anasoma sheria ya mikataba na uhasibu, au anasikia tu vikitajwa. Chuo kisichoweza kujibu la kwanza, kiacheni hata kama kina majengo mazuri. Na aliyekosa shahada ya fani hii asikate tamaa. Leodegar Tenga, aliyeongoza TFF kuanzia 2004 hadi 2013, alikuwa nahodha wa Taifa Stars kwenye AFCON ya 1980 na ni mhandisi. Shahada ya uhasibu au sheria, ikiongezewa misimu miwili ya kujitolea mlangoni, ni njia halali kabisa.

Kwa vyuo na halmashauri nina ombi moja ninaloomba lijadiliwe katika makundi mchana huu. Tusisubiri shahada mpya ipitishwe na Tume ya Vyuo Vikuu. Tuanze na cheti cha miezi sita kitakachobebwa na vyuo viwili au vitatu kwa pamoja, kikiwa na masomo manne tu: hesabu za mapato ya mlangoni, mikataba, usalama wa umati, na huduma ya kwanza. Wanafunzi 30 wa kwanza wapangwe kwenye mechi za nyumbani za timu zetu Sokoine, kisha wapewe Nane Nane ijayo: lango moja, eneo moja la maegesho na daftari la matukio, chini ya polisi na zimamoto. Daftari hilo likabidhiwe kwa waandaaji kabla Agosti haijaisha, na nakala yake ibaki maktaba ya chuo kwa darasa litakalofuata.