Kompyuta Imfuate Fundi Karakanani

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kompyuta, lakini si ile ya ofisini.

Ukipita katika mitaa ya Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo hadi Mbagala, na hata ukifika Mwanza, Arusha au Mbeya, hukosi kuona kibao kinachotangaza mafunzo ya kompyuta. Kijana hulipa ada, husoma miezi 2 au 3, hufundishwa kuandika barua, kupanga orodha ya mishahara na kutengeneza kadi za harusi, kisha hupewa cheti. Mafunzo hayo si mabaya, na yamewapatia watu wengi riziki. Lakini yametungwa kwa ajili ya karani. Swali langu ni hili: je, fundi wa chuma, yule anayekereza shafti, anayechonga gia na kuunda mashine za kukoboa mpunga, ajifunze kompyuta ipi, na ajifunzie wapi?

Swali hili si la mzaha, maana kompyuta imekwisha kuingia karakanani bila kubisha hodi. Leo zipo mashine zinazokata bamba la chuma kwa kufuata mchoro ulio ndani ya kompyuta, na yale mageti yenye maua na nakshi tunayoyaona mitaani ni kazi yake. Zipo mashine za kukereza zinazosogeza kisu zenyewe baada ya kupewa amri. Mwenye karakana akinunua mashine ya namna hiyo, mara nyingi humtafuta kijana anayejua kompyuta aje kuiendesha. Fundi aliyeshika chuma kwa miaka 25 husogezwa pembeni, akaambiwa asubiri kazi ndogo ndogo. Mimi nasema hapo ndipo hasara inapoanza.

Kabla ya kumlaumu fundi huyo, tukumbuke historia. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikalegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Sheria iliyounda VETA ilipitishwa mwaka 1994. Kwa hiyo fundi aliyejifunza kukereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 alijifunza kwa mkono, kwa jicho na kwa sikio. Hakuna aliyemwonyesha kompyuta, naye hakuikimbia. Basi tusimwite mjinga kwa kutojua kitu ambacho hakuwahi kuwekewa mezani.

Miezi kadhaa iliyopita nilitembelea karakana moja hapa jijini kutafuta habari za kipindi. Kijana mmoja aliyetoka chuoni alikuwa amechora katika kompyuta kipande cha chuma chenye shimo la mraba katikati. Mchoro ulipendeza machoni, na kona zote 4 za shimo lile zilikuwa kali kama za sanduku. Nyuma yake alisimama fundi mtu mzima, akautazama kwa muda, kisha akauliza:

"Mwanangu, hizi kona za ndani utazikata kwa kisu gani?"

"Mzee, mashine itakata yenyewe kama nilivyochora," kijana akajibu.

"Kisu cha mashine hii ni cha mviringo, na kinakata kwa kuzunguka. Kikifika konani kitaacha mviringo. Sasa kile chuma cha kuingia humo, chenye kona kali, kitaingiaje?"

Kijana akanyamaza. Alipomwomba mzee aketi arekebishe, yule mzee akarudi hatua moja. "Hiyo kibodi siijui, mwanangu. Bonyeza wewe, mimi nitakuelekeza." Wakashirikiana, wakauondoa ukali wa zile kona katika kipande kinachoingia, na wakaupanua mviringo wa shimo ulingane na kisu. Haikuwachukua hata robo saa.

Ndugu wasikilizaji, lau mzee yule angekuwa amerudishwa nyumbani, chuma kile kingekatwa na kutupwa. Na lau kijana asingekuwapo, mzee asingeweza kuugusa mchoro. Kompyuta hutii tu. Haijui kwamba chuma hupata joto, kwamba kisu hulika, wala kwamba bamba jembamba hupinda likichomelewa. Hayo anayajua fundi.

Sasa fundi huyo afundishwe nini? Nimewauliza walimu na mafundi, na mambo wanayoyataja si mengi. Nitayaeleza moja moja.

La kwanza ni kutunza kazi. Fundi ajue faili ni nini, limehifadhiwa wapi, na alipe jina gani. Karakana nyingi zina michoro 3 au 4 ya shafti ileile, mmoja umeandikwa "mpya", mwingine "mpya kabisa". Siku ya kazi hakuna anayejua upi ni wa kweli. Jina la mteja, jina la kipuri na tarehe vingetosha kuondoa mkanganyiko huo.

La pili ni vipimo. Sisi huishi na vipimo viwili kwa pamoja. Tunanunua nondo ya milimita 12 na bomba la inchi 2 katika duka lilelile. Fundi akishika bomba mkononi hakosei, lakini kompyuta haina mkono. Inchi 1 ni milimita 25.4. Ukiiandikia mashine 1 ukikusudia inchi, nayo imepangwa kwa milimita, itakata milimita 1 bila kukuuliza. Msidhani kosa hili ni la wasiosoma. Mwezi Septemba 1999 shirika la Marekani la NASA lilipoteza chombo kilichopelekwa sayari ya Mars, kilichogharimu dola zaidi ya milioni 100. Sababu ni kwamba programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya ratili vya Kiingereza, na wale waliozipokea wakazichukua kuwa ni vipimo vya metriki. Ikiwa mabingwa wa anga walinaswa hapo, fundi wa Gerezani anastahili kufundishwa jambo hilo siku ya kwanza.

La tatu ni hesabu ya gharama. Kompyuta ina ukurasa wa mistari na safu, ambao wataalamu huuita lahajedwali. Chukua mfano wa nondo. Mafundi wengi wanaijua kanuni ya kupata uzito wake: zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha gawanya kwa 162, utapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 ni 144 gawanya kwa 162, yaani karibu kilo 0.89 kwa mita. Nondo nzima ya mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi. Fundi akiiandika kanuni hiyo mara moja katika ukurasa ule, akaweka na bei ya kilo na malipo ya siku, kila mteja anayekuja atapewa bei ya haki kwa dakika chache. Wangapi miongoni mwa mafundi wetu wamefanya kazi kubwa, na baada ya kulipwa wakagundua kwamba faida yote ilikwisha kwenye chuma na umeme? Hilo ni jambo la mkate wa watoto.

La nne ni mchoro. Programu ya kuchorea ya AutoCAD ilitoka mwaka 1982, na tangu hapo meza ya kuchorea imekuwa ikihamia katika kompyuta. Leo zipo programu zisizolipiwa hata senti, kama FreeCAD na LibreCAD, ambazo mtu anaweza kujifunzia katika kompyuta ya kawaida. Fundi anayejua kusoma mchoro wa karatasi ana nusu ya elimu hiyo tayari. Kilichobaki ni kuuzoeza mkono wake kipanya badala ya penseli.

La tano ni amri za mashine. Hili ndilo linalowatisha wengi, nalo ndilo rahisi kuliko linavyoonekana. Mashine ya kwanza ya kuchonga chuma kwa kufuata namba ilionyeshwa katika chuo cha MIT huko Marekani mwaka 1952, nayo ilisoma amri zake kutoka katika mkanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Mkanda umekwisha lakini amri zimebaki. Katika mashine nyingi, G21 maana yake ni "tumia milimita", na G20 ni "tumia inchi". G00 ni "nenda upesi bila kukata". G01 ni "kata kwa mstari ulionyooka, kwa mwendo niliokupa". M03 huanzisha mzunguko na M05 huusimamisha. Tazameni, ndugu zangu: hakuna hata amri moja hapo ambayo fundi wetu haifanyi kila siku kwa mkono wake. Anachokosa ni jina lake tu.

Mimi si fundi wa chuma, lakini mabadiliko ya namna hii nimeyaona katika kazi yangu. Nilipoanza utangazaji mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilikuta bado kuna mikanda ya sauti iliyokatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa gundi ya utepe. Kompyuta zilipokuja, wapo waliosema wazee wa wembe wamekwisha. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kiliwafundisha vijana peke yao, na kwa muda mrefu vipindi vyake vilisikika vimekatwa katikati ya pumzi ya msemaji. Kwingine waliwaketisha wazee mbele ya kompyuta kwanza. Walisumbuka wiki chache na kipanya, lakini masikio yao yalijua mahali pa kukata, na kazi ikawa safi. Kujua mahali pa kukata ndilo jambo lililochukua miaka kujifunza. Kipanya kilichukua wiki.

Najua wenye karakana watasema mambo mawili. Watasema mafunzo ni ghali, na watasema fundi akishajua ataondoka. Kuhusu gharama, kompyuta iliyokwisha kutumika, programu zisizolipiwa, na saa 2 za Jumamosi mchana ndani ya karakana zinatosha kuanzia. Hasara ya kipande kimoja kikubwa cha chuma kilichokatwa vibaya, pamoja na kisu kilichovunjika, yaweza kuzidi ada hiyo. Kuhusu kuondoka, wekeni mkataba wa haki: nakufundisha, nawe utafanya kazi nami miaka 2 kwa mshahara unaolingana na ujuzi wako mpya. Fundi anayeheshimiwa hana sababu ya kukimbia.

Liko pia suala la lugha. Maneno yaliyomo katika programu hizi mengi ni ya Kiingereza, na fundi mwenye busara nyingi anaweza kuona aibu kuuliza maana yake mbele ya vijana. Dawa yake ni ndogo. Amri 20 au 30 zinazotumika kila siku ziandikwe kwa Kiswahili katika karatasi kubwa na kubandikwa ukutani karibu na mashine. Mwalimu aeleze kwa Kiswahili, aonyeshe kwa chuma. Mtu hajifunzi vizuri akiwa na hofu ya kuchekwa.

Kwa wale wanaotaka kujiunga na mafunzo, au wanaompeleka mtoto wao, nawashauri waulize maswali 3 kabla ya kulipa. Je, mwanafunzi atachora kipuri cha kweli, au atachora maumbo ya kitabuni tu? Je, kipuri hicho kitatengenezwa na kupimwa kwa vernia, ili ijulikane kama mchoro ulikuwa sahihi? Na je, atafundishwa kukadiria gharama yake? Majibu yakiwa hapana, basi hayo ni mafunzo ya karani yaliyovishwa ovaroli.

Vyuo vya VETA, na SIDO iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, vina nafasi ya pekee hapa, maana vinawajua mafundi na mafundi wanavijua. Ningependa kuona darasa la jioni ambalo masharti yake ya kuingia si cheti cha kidato cha 4, bali ni miaka 10 ya kushika chuma. Kila fundi mtu mzima aketishwe na kijana mmoja, kompyuta moja kati yao. Mtihani wao uwe mmoja: chukueni bushi iliyolika kutoka katika mashine ya kusaga, ipimeni, ichoreni, itajieni bei, kisha itengenezeni. Ikiingia mahali pake na mashine ikazunguka, mmefaulu wote wawili.

Kila kipuri tunachoshindwa kutengeneza wenyewe tunakiagiza kwa fedha za kigeni, na mashine ya kusaga hukaa kimya wakati akina mama wanazunguka na debe la mahindi kichwani kutafuta nyingine. Mafundi wa kutuondolea adha hiyo tunao, wako Gerezani, wako Keko, wako Vingunguti, na wengi wao wamebakiza miaka michache tu kazini. Wakiondoka kabla ya kukaa na vijana mbele ya mashine hizi, tutabaki na kompyuta zinazotii kila kosa tunaloziambia.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wewe mwenye karakana unayenisikiliza, Jumamosi hii mwite fundi wako mzee, mvutie kiti mbele ya kompyuta, na umwambie aketi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.