Lami ya Uyole–Kasumulu na sisi tulio kando yake

(Haya ni mazungumzo yangu na vijana wa kata ya Lupepo, Rungwe. Nimeyanyoosha kidogo tu ili yasomeke.)

 

Leo siongelei uchaguzi. Naongelea barabara. Kuna mtu ameshaanza kucheka pale nyuma, anasema barabara tunaijua, tunaipita kila siku. Haya, twende taratibu.

Barabara kuu ya kwetu ni fupi. Unaiacha ile ya Dar–Tunduma pale Uyole, unapita Igawilo, unapanda mpaka Isyonje kwenye baridi na ukungu, halafu unashuka Kiwira, Kyimo, Tukuyu, na kuendelea chini mpaka joto la Kyela na mpaka wa Kasumulu, kwenye Mto Songwe. Ni kama kilomita mia moja hivi. Lakini ndani ya hizo mia moja unatoka juu ya mita 2,000 mpaka karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, ambao hauzidi mita 500. Viazi, chai, ndizi, parachichi, kakao, mpunga, vyote kwenye barabara moja. Sijui wangapi nchi hii wana utajiri huo.

Sasa tujiulize, ilichorwa kwa ajili ya nani? Wamisionari walifika Rungwe mwaka 1891 wakitokea upande wa ziwa. Wajerumani nao walianza na boma lao ziwani, wakaliita Langenburg, baadaye wakapanda huku juu kwenye hewa nzuri wakajenga jingine, Neu-Langenburg. Hiyo ndiyo Tukuyu yetu. Njia ya kutoka ziwani kwenda bomani ilikuwa ya kupandisha mizigo na askari na kuteremsha amri. Mei 1916 Waingereza nao wakaingia kutokea Nyasaland, wakaichukua Tukuyu. Wakati huo Mbeya mnayoiona leo haikuwa mji. Mbeya ilikuja kukua miaka ya 1920 na 1930 na dhahabu ya Lupa, na babu zetu wakapanda mlima huohuo kwenda kuchimba. Wengine wakaenda mbali zaidi, Wenela, migodi ya Afrika Kusini. Kwa hiyo barabara hii ilibeba nguvu za vijana wa Rungwe kabla haijabeba parachichi.

Halafu ikaja habari ya Malawi. Miaka ya 1980 vita ya Msumbiji ilivuruga reli za kwenda Beira na Nacala. Malawi haina bahari, ikabidi igeukie bandari ya Dar es Salaam. Mizigo ikapita hapa, na Mbeya kukawa na kituo cha mizigo ya Malawi. Mpaka leo ukisimama Tukuyu nusu saa utahesabu malori ya mafuta na mbolea yanayokwenda Kasumulu. Sina ugomvi na Wamalawi, ni ndugu zetu kabisa. Ninachosema ni kwamba barabara kuu hupimwa kwa faida ya mizigo inayopita, siyo kwa faida ya mama anayeishi mita 500 kutoka kwenye lami.

Na huyo mama ndiye ninayetaka tumuongelee.

Huku kwetu ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo wa volkano, laini, mteremko mkali. Ukichonga barabara ya udongo bila mitaro na makalavati, masika moja tu umekwisha. Greda linapita Juni, watu wanapiga picha, Machi yake pamebaki korongo. Jani la chai likishachumwa halisubiri, linataka kufika kiwandani siku hiyohiyo. Maziwa hivyohivyo. Mkungu wa ndizi unaweza kusubiri, lakini mnunuzi akijua Kosta haifiki kwako, bei anaipanga yeye. Mama anaubeba kichwani mpaka lamini, amechoka, anauza kwa bei yoyote ili arudi nyumbani kabla ya mvua. Hiyo ni kodi ambayo haina risiti.

Sasa sikilizeni, bodaboda hasa. Lami hii iko chini ya TANROADS. Barabara zetu za kata na vijiji ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa 2017. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri, diwani angalau ulimbana kikaoni. TANROADS ina mtandao wa kilomita kama 36,000. TARURA ina zaidi ya 140,000. Lakini kwa miaka mingi fedha za Mfuko wa Barabara ziligawanywa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa hizi za wilaya. Fanyeni hesabu wenyewe. Mwaka 2021 wakaongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita, wakasema ni ya barabara za vijijini. Dogo wa bodaboda anayeweka lita mbili kila siku, analipa. Anateleza kwenye tope na bado analipa!

Na ile ya Katumba–Mbambo–Tukuyu, takribani kilomita 80, mnajua wenyewe imetajwa mara ngapi kwenye ilani. Lami imekuja vipande vipande kama nyama ya msibani.

Tunafanyaje? Kupiga kelele mtandaoni sawa, mimi mwenyewe napiga. Ila mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu. Tuingie wote, siyo kama chama, kama wanakijiji. Tuulize: barabara ipi ya hapa iko kwenye mpango wa TARURA mwaka huu, kwa shilingi ngapi, mkandarasi nani, makalavati mangapi? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Mkandarasi akija, tuhesabu makalavati kwa macho yetu, tupige picha zenye tarehe. Tukiambiwa hizo ni siasa, tujibu kwa heshima kwamba ni tozo yetu.

Nahitaji watu watatu wa kushika daftari. Naona mikono miwili, yote ya kaka. Wa tatu awe dada, na awe ni yule anayebeba ndizi.