Mizani na Ngumi
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twawashukuru kwa kutupa nafasi ya kusema machache juu ya vijana wetu wa ndondi. Wazee kadha wametuuliza: kwa nini bondia apimwe mizanini kama gunia la mahindi kabla ya kupanda ulingoni? Swali hilo ni jema, na jibu lake lafaa kusikiwa na kila mzazi.

Katika michezo ya Wayunani wa kale mabondia hawakupimwa. Mwembamba aliweza kukutanishwa na jitu. Huko Uingereza nako mipaka ya uzito haikutulia mpaka mwaka 1909, klabu ya National Sporting Club ya London ilipoweka madaraja manane. La chini lilikomea ratili 112, yaani karibu kilo 51. La juu lilikuwa la wanaozidi ratili 175. Hekima hiyo si ngeni kwetu. Sisi tuliochunga mbuzi twakumbuka kwamba katika mieleka mtoto alishindanishwa na hirimu yake, wala hapakuwa na sifa kwa mkubwa aliyemwangusha mdogo.

Nchi yetu imefaidika na utaratibu huo. Philip Waruinge, aliyepigana katika daraja la kilo 57, alipata medali ya shaba huko Mexico mwaka 1968 na ya fedha huko Munich mwaka 1972. Robert Wangila, katika daraja la kilo 67, alituletea dhahabu yetu ya kwanza ya ndondi katika Olimpiki, huko Seoul mwaka 1988. Lau wangalilazimishwa kupigana na watu wa kilo mia, huenda majina yao tusingaliyasikia.

Lakini mizani iliyowekwa kumlinda mdogo yaweza kugeuzwa mtego. Kijana mwenye uzito wa kilo 64 hutamani kupigana na watu wa kilo 60, akidhani kwamba ataonea. Basi hujinyima chakula na maji, akakimbia juani amevaa makoti mawili. Anachopoteza si mafuta, bali ni maji ya mwili. Damu huwa nzito, moyo huelemewa, na joto la mwili hupanda. Marekani, mwishoni mwa mwaka 1997, wanafunzi watatu wa mieleka wa vyuo mbalimbali walikufa kwa njia hiyo katika muda usiozidi majuma sita. Na huko Paris mwaka 2024, Vinesh Phogat wa Bara Hindi alifika fainali ya mieleka ya kilo 50. Alikesha akijikausha, akakatwa hata nywele. Asubuhi mizani ikaonyesha gramu 100 za ziada, akaondolewa.

Wazee wetu, hatusemi ya mbali tu. Mwaka jana mmoja wa vijana wetu alianguka mlangoni pa chumba cha kupimia. Alikuwa hajanywa maji tangu jana yake. Alipona, twamshukuru Mungu. Lakini twakiri kwamba sisi wa Kamati tulimwona akikonda, tukamsifu kwa bidii yake. Kosa hilo ni letu.

Kwa hiyo twaomba Mkutano ukubali mambo matatu. Kwanza, Chama kinunue mizani, na kila kijana apimwe kila juma na uzito wake uandikwe daftarini. Pili, kijana apigane katika daraja la mwili wake wa kila siku. Akikua, na apande daraja. Tatu, mzazi akiona mwanawe anakataa uji na maji karibu na siku ya shindano, atuarifu upesi, nasi tutaliondoa jina lake bila ya kumwaibisha.

Kikombe kikikosekana mwaka huu, kitatafutwa mwaka ujao. Mtoto akipotea, hatafutiki.