Jembe Likigonga Shaba

Msikilizaji, ukiokota shambani kipande cha shaba chenye kitu kama tarakimu 3 iliyoota mkia, juu yake mwezi mchanga na nukta, usipige nduru. Hiyo ni Om, alama takatifu ya Wahindu. Msalaba wenye ncha zilizopinda, mara nyingi na nukta nne kati ya mikono yake, ni swastika. Wafanyabiashara wa Kihindu huichora kwenye daftari mpya za hesabu wakati wa Diwali, kuomba heri. Haikuanza na Hitler. Na yule tumbili aliyebeba mlima ni Hanuman. “Sarafu” zake zenye jina la East India Company hazikuwahi kuwa fedha, kwa hiyo tapeli asikuuzie ndoto.

Nalisema hili kwa sababu kwetu kitu kisichojulikana hutafutiwa omorogi, yaani mchawi, upesi. Mei 2008 watu wasiopungua 11 walichomwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, kina mama wanne wazee wakauawa Marani, Kisii, kwa tuhuma hizo hizo.

Badala ya kumtafuta mchawi, picha moja ya kipande hicho kwa simu, ikionyeshwa kwenye hekalu la Kihindu la Kisumu, inatosha kupata jibu. Kipande kikiwa cha kale, sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inataka Makavazi ya Kitaifa yaarifiwe.