Kisukari na Nguvu za Kiume

Wasikilizaji watukufu, mazungumzo ya usiku huu yana staha yake, na aliyeketi barazani na wakwe zake ana ruhusa ya kupunguza sauti ya redio.

Ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, alipoyaeleza maradhi ya kisukari alitaja utamu wa mkojo na, pamoja nao, kuporomoka kwa nguvu za jimai. Basi jambo ambalo waume wa leo huwaficha hata wake zao lilikwisha kuandikwa na wanazuoni karibu miaka elfu iliyopita. Sababu yake si hasadi wala uchawi. Uume husimama kwa kuwa mishipa ya fahamu hupeleka amri, na mishipa ya damu, kwa kuitii, hutanuka ikauacha ujae damu. Na sukari ikizidi mwilini miaka mingi huidhuru mishipa ya namna zote mbili. Katika uchunguzi wa Massachusetts, Marekani, uliotangazwa mwaka 1994, ukosefu kamili wa nguvu ulionekana kwa waliotibiwa kisukari kiasi cha mara tatu kuliko kwa wanaume wote kwa jumla.

Zito zaidi ni hili: mishipa ya damu ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, na ile ya moyo 3 hadi 4, hivyo ile myembamba hutangulia kuonyesha dhara, na anayedhoofika chumbani leo huenda akaugua moyo baada ya miaka michache. Ndiyo maana namsikitikia anayejibanza kila jioni kwa muuza supu ya pweza akitafuta nguvu. Pweza ni kitoweo kizuri, sina ugomvi naye, lakini hapimi sukari.

Wagonjwa wengine wa kisukari hupata raha kama ada ila manii hayatoki, maana mlango wa kibofu, uliopasa kujifunga wakati huo, hubaki wazi, manii yakaingia humo na kutoka baadaye na mkojo. Mwili haudhuriki, lakini mimba haitungi, na mke akalaumiwa bure. Hali matabibu waweza kuzipata mbegu katika mkojo huo na kuzitumia.

Ama vidonge vya sildenafili vya kusaidia uume kusimama, vilivyoidhinishwa mwaka 1998, huwafaa wengi, si wote, wala havinunuliwi kwa kunong'onezana: atumiaye dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akivimeza, shinikizo la damu laweza kushuka ghafla hata akafa. Anayevitaka amtajie tabibu dawa zake zote, na siku hiyo hiyo aombe kupimwa sukari, shinikizo na mafuta ya damu.