Si Kila Homa ni Malaria

Leo tuzungumze juu ya homa.

Mama ampeleka mtoto wake kwa daktari. Mtoto ana homa kali. Mama ataka dawa ya malaria upesi, lakini daktari amdunga mtoto kidole, atoa tone la damu, apima. Je, apoteza wakati? Sivyo.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri damu ipimwe kwanza, ndipo dawa itolewe. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika 15 au 20. Homa yaweza kuwa ya kichomi, yaani nimonia, na dawa ya malaria haiponyi kichomi. Mtoto aweza kufa akimeza dawa isiyo yake.

Basi ulizeni: “Damu imepimwa?”