Macho ya Kuazima

Mtu asiyeona anapohitaji kusoma barua, gazeti au kitabu, aghalabu hulazimika kuazima macho ya mwenziwe. Na macho ya kuazima, hata yakitolewa kwa hisani na mapenzi, yana masharti yake, kwani msomaji huchoka, huwa na shughuli zake, huruka kurasa anazoziona hazina maana, na siri ya barua huwa imekwisha kujulikana na mwingine kabla haijamfikia mwenyewe.

Taabu hiyo iliwashukia kwa ghafla vijana waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja wao, Ian Fraser, aliyepoteza nuru ya macho katika mapigano ya Somme mwaka 1916, naye hajatimiza miaka 19, ndiye aliyekuja kukiongoza chama cha St Dunstan's kilichowatunza askari vipofu wa Uingereza. Maandishi ya nukta nundu yalikuwapo tangu karne ya 19, lakini vidole vya mtu mzima haviyazoei upesi, na wengi hawakuyaweza kabisa. Santuri za siku zile nazo zilidumu dakika nne au tano tu kwa upande mmoja, wala hapana riwaya isomekayo kwa vipande vya namna hiyo. Basi mafundi wakapunguza kasi ya santuri na kuibana mifuo yake, hata upande mmoja ukaweza kuchukua takriban dakika 25 za usomaji, na mwezi Novemba 1935 huduma ya vitabu vya kusikiliza ikafunguliwa, miongoni mwa vitabu vyake vya awali ikiwamo riwaya ya Agatha Christie, The Murder of Roger Ackroyd. Kitabu kimoja kilihitaji santuri kama kumi, mzigo mzito kweli kwa tarishi wa posta. Lakini aliyeupokea aliweza kufunga mlango wake, akasoma usiku wa manane, akarudia mahali alipopapenda mara tatu, asimwombe mtu.

Nimeutaja mlango huo kwa makusudi. Wako wanaoihesabu huduma hii kuwa sadaka, nami nasema ni haki ya faragha, ambayo sisi wenye kuona tunaifaidi kila siku bila kuifikiri.

Redio nayo ina sehemu yake. Tangu Januari 1969, katika jimbo la Minnesota, Marekani, wasomaji wa kujitolea wamekuwa wakisoma hewani magazeti ya siku na vitabu vizima, kwa matangazo yaliyopitishwa kando ya mawimbi ya stesheni ya kawaida na kupokewa kwa redio maalumu walizoazimwa wasioona.

Kwa upande wa sheria, Mkataba wa Marrakesh wa tarehe 27 Juni 2013, ambao Kenya na Tanzania zimejiunga nao, unazitaka nchi ziruhusu vitabu vigeuzwe kuwa sauti au nukta nundu kwa ajili ya wasioona, na nakala zake zivuke mipaka, pasipo kumwendea kila mwenye hakimiliki kumwomba idhini. Ruhusa tunayo, vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa ndivyo vilivyo adimu. Simu za leo zina mashine za kusoma, na zinafaa sana, ila ile iliyoundwa kwa lugha ya kigeni huukosea mkazo wetu, ikashindwa kuitamka ng' ya ng'ombe na gh ya ghali, hata shairi likageuka kelele masikioni mwa anayelipenda.

Kwa hiyo nawaomba wachapishaji wazikabidhi maktaba na shule za wasioona nakala za kompyuta za vitabu vyao, vya kiada vikitangulia. Na ninyi walimu wastaafu, pamoja na watangazaji wenzangu ambao sauti zetu ndizo riziki yetu, tutenge saa moja kila juma, tukisome kitabu kimoja cha Kiswahili tangu jalada hadi jalada, na namba za kurasa zake, na maelezo ya picha zake, bila kuruka neno.